Kabla ya Kununua Nyumba ya Mradi Yenye Bustani, Funua Chemba

Juzi dada mmoja wa Goba ameniandikia. Ameonyeshwa nyumba ya vyumba vitatu kwenye mradi mpya upande wa Bunju, ina ukuta, geti, ukoka mbele na nyuma, na muuzaji anataka malipo ya awali kabla ya Ijumaa. Anauliza alipe au aache. Ni ujumbe wa nne wa namna hiyo tangu mwaka uanze, na kila nikikutana na neno "ukoka" roho inanipaa, kwa sababu ukoka ndio ulioniponza mimi.

Nilinunua Oktoba 2022. Tuliokuwa Dar es Salaam tunaukumbuka msimu ule: maji ya mto Ruvu yamepungua, DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, wanatoa maji kwa mgawo, majani kila mahali yamekauka. Nyuma ya nyumba niliyoonyeshwa palikuwa na kipande cha ukoka, ukubwa wa mkeka mmoja, kibichi na kimeshonana kama zulia. Nikamwambia mume wangu, hapa ndipo nitakapoweka viti vya jioni. Hakuna kati yetu aliyejiuliza, katika ukame ule, ukoka ule unakunywa wapi. Mlinzi na familia yake walikuwa wakiishi ndani ya nyumba, na maji yao ya choo na bafu yalikuwa yakipanda juu kutoka kwenye shimo lililozikwa hapo chini.

Mwaka wa kwanza tulivumilia harufu ya hapa na pale. Novemba 2023, mvua za El Niño zilipopamba moto, chemba ya nyuma, yaani kile kishimo chenye mfuniko ambamo mabomba ya maji machafu yanapitia, ilifurika, na siku ya tatu maji machafu yakaanza kurudi kwa tundu la bafuni. Mama mkwe alikuwa mgeni wetu wiki hiyo. Nilipompigia muuzaji aliniambia nyumba nilishaipokea kwa saini yangu.

Kwa hiyo mwongozo huu hautakueleza habari za hati, mipaka na vyumba. Hayo yameandikwa na wengi: fanya upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati, angalia miaka ya hati ni 33, 66 au 99, angalia deni la kodi ya pango la ardhi, basi. Mimi nazungumzia maji ya choo yanakwenda wapi, maana sijawahi kukutana na mnunuzi anayeuliza, na mabomba ya maji taka ya jiji yanafika sehemu ndogo tu ya Dar es Salaam. Sisi wengine wote tunaishi juu ya mashimo yetu.

Nyumba nyingi za mradi zina mashimo mawili. La kwanza hupokea uchafu, mzito unatua chini, maji yanavuka kwenda la pili, na hilo la pili kazi yake ni kuyanywesha maji kwenye ardhi. Udongo ukiwa mchanga, maji yanazama. Ukiwa mfinyanzi, au maji ya ardhini yakiwa karibu, shimo la pili linakuwa ndoo tu. Likijaa limejaa. Kiangazi utadhani mambo ni shwari kwa sababu jua linasaidia kukausha juu. Masika ikiingia, maji ya mvua yanalijaza kwa nje na ya kwako kwa ndani. Ndiyo maana mimi siamini nyumba niliyoonyeshwa kiangazi tu.

Nenda na fundi bomba wako, asiwe wa kwao. Aje na nondo ya kuinulia mifuniko. Mwambie afunue chemba zote mpaka shimo la mwisho, kisha mfungue mabomba yote na kuvuta vyoo vyote kwa robo saa huku mkiangalia maji yanavyopita. Muuzaji akisema mfuniko umezikwa chini ya pevingi au bustani, hilo pekee linatosha kukuondoa pale. Mfuniko uliozikwa haufunuliwi siku ya dharura bila kuvunja.

Halafu udongo. Omba ruhusa uchimbe kishimo upana wa futi moja, kina futi mbili. Kijaze maji jioni udongo uloe. Asubuhi kijaze tena, uchomeke kijiti chenye alama na uangalie saa. Maji yakishuka chini ya inchi moja kwa saa nzima, ardhi hiyo haifai kubebeshwa shimo la kunywesha maji. Jaribio zima ni gharama ya jembe na ndoo mbili. Mimi nilitumia mamilioni kununua nyumba na sikutumia ndoo mbili.

Uliza pia kuhusu visima, kwa sababu wauzaji wengi siku hizi wanasifia "kisima chako mwenyewe". Umbali unaoshauriwa kati ya shimo la choo na kisima ni mita 30. Chukua kiwanja cha mita 20 kwa 20, kile wanachokiita kikubwa. Ukiweka shimo kona hii na kisima kona ile ya mkabala, kamba itakupa mita 28 na kitu. Hazifiki. Na hapo hujahesabu shimo la jirani aliyeegemea ukuta wako. Tuliona kipindupindu cha 2015 kilivyotesa jiji hili; bustani ya mboga inayomwagiliwa kwa kisima kama hicho mimi siwezi kula.

Jambo la mwisho ni barabara. Gari la kunyonya mashimo ya choo ni lori zito. Masika, njia ya udongo ya mradi mpya hailibebi, na safari ya kwenda kumwaga kwenye mabwawa ya maji taka kama ya Vingunguti kutoka Bunju ni ndefu, nawe ndiye unayeilipia. Kuna wiki nililipia tripu tatu na shimo likajaa tena kwa maji ya mvua kabla sijamaliza kufua mapazia.

Sasa nipange nyumba za kununua, kuanzia ninayoiamini zaidi, kwa macho yangu.

Ya kwanza kwangu ni nyumba za NHC, Shirika la Nyumba la Taifa, na sifichi upendeleo. Shirika lipo tangu 1962, ofisi zake nazijua, nikiwa na malalamiko najua nitagonga mlango gani, na mlango huo mwakani bado utakuwepo. Mdogo wangu anakaa kwenye nyumba zao za Kibada, Kigamboni. Aprili 2024, asubuhi baada ya mvua ya usiku kucha, nilimwomba anifunulie chemba. Maji yalikuwa chini kabisa ya bomba, na bustani yake, ndogo kuliko yangu, ilikuwa inakanyagika. Nilisimama pale nikalia kidogo. Mradi wa Mwongozo nao uko huko huko Kigamboni, na walio Dodoma waangalie Iyumbu. Hata huko funua chemba, lakini nikipewa pesa leo naanzia NHC.

Linaloniumiza ni bei. VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 18 kwenye nyumba mpya imelalamikiwa miaka na miaka, na NHC lenyewe limewahi kuiomba Serikali iiondoe. Mwalimu na nesi, watu ambao nyumba hizi zilisemwa ni zao, wanasoma tangazo na kufunga simu. Kisha wanaangukia mikononi mwa madalali wanaotaka "hela ya kuonyeshwa" kwa kila nyumba, hata ile ambayo walishaiuza. Nimelipa hela hiyo mara kumi na moja. Hakuna hata dalali mmoja aliyewahi kunionyesha shimo.

Ya pili ni nyumba ya mtu binafsi iliyokwisha kukaliwa, kwenye maeneo ya ule mradi wa Serikali wa viwanja 20,000 ulioanza 2002: Mbweni, Bunju, Kibada, Tuangoma, Buyuni. Bustani zimeshakomaa, michongoma ipo, na zaidi ya yote nyumba imepita masika kadhaa. Usimhoji muuzaji. Ongea na msichana wa kazi wa jirani, au muuza genge wa kona. Waulize gari la kunyonya linakuja nyumba ile mara ngapi kwa mwaka. Wanajua kila kitu.

Ya tatu ni miradi mipya ya kampuni binafsi, kama niliyonunua mimi. Ipo mizuri, yenye mtambo wa pamoja wa kusafisha maji taka. Ukikuta hivyo, omba kuuona ukifanya kazi na uulize ada ya mwezi ni nani anaikusanya. Pasipo mtambo, dai mchoro wa mashimo na maandishi kwamba mjenzi atarekebisha yakifurika ndani ya masika mbili. Wengi watakataa, na utakuwa umejibiwa.

Viwanja vya bei chee vya mita 20 kwa 20 vinavyokatwa kwenye mashamba, kwa muhuri wa mtaa tu, sivipangi.

Dada wa Goba, hilo ndilo jibu langu. Usilipe Ijumaa. Mwambie muuzaji utarudi mwezi wa nne, siku mvua imenyesha usiku, na utakuja na fundi wako na nondo. Na upige picha ule ukoka wa nyuma leo, unitumie. Nataka kuuona una rangi gani.