Pendula ya mbali katika darasa la Mbeya

Kwa wiki tatu nimewafundisha wanafunzi wangu wa kidato cha tatu, hapa Mbeya, kwa huduma mbili za bure: maabara ya mbali iitwayo e-lab, inayoendeshwa na Instituto Superior Técnico ya Lisbon, Ureno, na maabara pepe, yaani za kuigizwa kwenye kompyuta, za PhET za Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani, zilizoasisiwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya fizikia.

Katika e-lab mwanafunzi huongoza kupitia intaneti pendula halisi, yaani uzito unaobembea kwenye uzi: huchagua ivutwe pembeni kiasi gani na ibembee mara ngapi, kisha hupokea vipimo vyake. Pendula za mtandao huo zimewekwa katika miji ya latitudo mbalimbali, na hapo ndipo ninapoona thamani yake kubwa, kwa kuwa muda wa kubembea hutegemea mchapuko wa uvutano, yaani jinsi kasi ya kitu kinachoanguka inavyoongezeka, nao haulingani kila mahali. Kwenye ikweta ni takriban mita 9.78 kwa sekunde mraba, na kwenye ncha za dunia ni 9.83. Wanafunzi waliokariri 9.8 walikokotoa, wakabishana, kisha wakataka kujua mwinuko wa Mbeya, unaokaribia mita 1,700, unapunguza kiasi gani. Swali hilo sikuwahi kuulizwa tulipotumia uzi na jiwe. Picha za video ziliganda kwa intaneti yetu ya simu, lakini namba zilifika zote.

Pendula ya PhET hufanya kazi bila intaneti ikishapakuliwa, jambo kubwa kwa shule zetu. Mwanafunzi huondoa msuguano wote, huhamia Mwezini, au hutafuta uvutano wa Sayari X, sayari ya kubuni, ambao hakutajiwa.

Kwa kuwa huduma hizi ni za taasisi mbili, wanafunzi hunakili namba kwa mkono kutoka moja kwenda nyingine. Natamani sana ziunganishwe, na inawezekana: mwaka 2009 watafiti wa MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, na wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Graz, Austria, waliliingiza jaribio halisi la sumaku katika ulimwengu pepe, ambamo mistari ya ugasumaku (eneo ambamo nguvu ya sumaku hufika), isiyoonekana kwa macho, ilichorwa mbele ya wanafunzi.

Mwalimu mwenye kompyuta moja na projekta aanze na e-lab, mtandao ukiwa mwepesi, ahifadhi vipimo, ndipo afungue PhET na kuwauliza wanafunzi kwa nini majibu yanapishana.