Kipimo cha VVU cha nyumbani, OraQuick: nyota nne

Niko Columbus, Ohio, na mapokezi ya kliniki ya mtaani kwetu anakaa mama tunayesali naye. Nani atataka maswali yake? Kwa hiyo ukumbusho wa kupima niliouwasha kwenye Grindr, app ya wanaume wanaotafuta wapenzi wanaume, unaokuja kila miezi 3 au 6, ulipolia, niliagiza kipimo hiki. Kilifika kwenye boksi la kawaida, wenzangu wa nyumba wakadhani ni chaja.

Hakuna sindano. Unapitisha kijiti mara moja kwenye ufizi wa juu, mara moja wa chini, unakitumbukiza kwenye kichupa, unasubiri dakika 20. Usisome zikipita 40. Mstari mmoja kwenye herufi C ya kijiti, majibu ni hasi. Ukitokea na wa T, hata ukiwa hafifu, nenda ukathibitishe kliniki. Dakika 20 hizo, jamani, utaosha vyombo vyote.

Nyota moja nimeikata kwa sababu maambukizi ya ndani ya miezi 3 yanaweza kukipita, na kaswende na kisonono hakipimi kabisa. Halafu maelezo hayana Kiswahili. Rafiki yangu kutoka Goma ilibidi nimsomee kwa simu.