Hansard za Bunge: nimezitumia kumfuatilia Zitto miaka yake 15 bungeni, haya ndo maoni yangu

Wadau habari zenu. Watu wanaandika tathmini za simu, za mabasi, za hoteli, mi leo naandika tathmini ya kitu ambacho kodi zetu zinakilipia kila mwaka na wengi hatujawahi hata kukifungua, Hansard. Yaani ile Taarifa Rasmi ya majadiliano ya Bunge, kila neno linalosemwa mle ukumbini Dodoma linaandikwa, tena kwa Kiswahili, afu linawekwa kwenye tovuti ya Bunge bure. Nimekaa nazo karibu mwezi mzima, usiku mpaka usiku, nina ya kusema.

Chanzo ni kijiwe cha kahawa pale Mwanga, Kigoma. Mjomba wangu na mzee mwenzie walikuwa wanabishana kuhusu Zitto Kabwe, mmoja anasema yule kijana alitutoa kimasomaso, mwingine anasema maneno mengi tu, kazi hakuna. Wamebishana mpaka kahawa imepoa. Mwisho mjomba akanigeukia akasema, "Mjomba, wewe si unashinda kwenye simu, hebu tutafutie huyu bwana alipokuwa bungeni alikuwa anapiga kura gani, tumalize ubishi." Nikamwambia hiyo ni dakika tano tu mjomba. Dakika tano imekuwa mwezi na jibu kamili mpaka leo sina, na sababu ya kutokuwa nalo ndo imenifanya niandike hapa.

Kwa wasiomfahamu vizuri, Zitto aliingia bungeni 2005 akiwa na miaka 29, mbunge wa Kigoma Kaskazini kwa CHADEMA, akarudi 2010, akatoka Machi 2015 baada ya kuvuliwa uanachama (Katiba yetu ibara ya 71 ukitoka kwenye chama kilichokupeleka na ubunge unaisha), akaenda ACT-Wazalendo, Oktoba mwaka huohuo akashinda Kigoma Mjini, mbunge pekee wa chama chake Bunge zima, akakaa mpaka 2020. Mwanasiasa wa miaka 15 bungeni ni mkongwe kwa kipimo chochote, kwa hiyo nikaona yeye ndo mtihani mzuri wa kupima hii huduma.

Kwanza jinsi ya kuzipata. Zimepangwa kwa Mkutano na Kikao, kila siku ya kikao na faili lake la PDF, kwa hiyo lazima ujue tarehe. Ukijua tarehe umemaliza nusu ya kazi, usipojua utafungua faili moja moja kama mtu anayetafuta sindano kwenye mchanga wa ziwa. Na kitu kimoja kilinipotezea siku mbili nzima naomba niwaokoe nacho: ukisachi "Zitto Kabwe" kwenye za zamani hupati kitu, kule ameandikwa KABWE Z. ZITTO, majina yamegeuzwa. Sachi "Zitto" peke yake uende taratibu.

Sasa utamu wenyewe. Jamani mle ndani kuna nchi. Nilianza na Agosti 2007, Buzwagi. Wengi tunaikumbuka kwa stori za mitaani tu, kwamba Zitto alisimama akataka iundwe kamati teule kuchunguza mkataba wa mgodi wa Buzwagi ambao Waziri Nazir Karamagi aliusaini London, Bunge likageuka likamsimamisha yeye mleta hoja kwa madai ya kusema uongo. Kusikia ni kitu kimoja, kusoma mjadala wenyewe ni kingine kabisa. Unaona nani alisimama, alisema nini, kwa maneno yapi, na katikati ya maneno unakutana na vile vimabano vya waandishi wa Hansard, (Makofi), (Kicheko), mara kengele imelia kuashiria muda wa mzungumzaji umeisha. Unasoma unasikia ukumbi. Na unapata picha ya kijana wa miaka 30 anayejua kabisa kwamba kura hana, idadi hana, ila anataka liandikwe. Likaandikwa, na leo miaka yote hii tunalisoma.

Yaliyofuata ndo yanaonyesha kwa nini kuandikwa kuna maana. Miezi michache baadaye, Novemba 2007, Rais Kikwete akaunda kamati ya Jaji Mark Bomani kuangalia upya sekta ya madini, na Zitto akawekwa humo. 2010 ikaja Sheria mpya ya Madini, mrabaha wa dhahabu (ile sehemu ya mauzo ambayo mgodi unailipa serikali) ukatoka asilimia 3 ukaenda 4. Mtu aliyetolewa ukumbini kwa kuuliza akaja kuwa sehemu ya jibu. Mi naona hilo ni jambo kubwa na sioni aibu kulisema, hata kama siasa zake nyingine sikubaliani nazo.

Na kuna ambazo sikubaliani nazo kweli. 2009 akiwa mwenyekiti wa kamati ya hesabu za mashirika ya umma, POAC, aliunga mkono TANESCO kununua mitambo ya umeme ya Dowans, kampuni iliyorithi mkataba wa Richmond, wakati nchi bado ina kidonda cha ile kashfa ya Richmond iliyomuondoa Waziri Mkuu Lowassa Februari 2008. Hoja yake ilikuwa ya umeme, mitambo ipo na nchi inaelekea gizani. Nimejaribu kuielewa, naielewa, ila bado naona alikosea, maana wananchi walikuwa wanataka kwanza kujua waliibiwaje. Mzee wa pale kijiweni na yeye hili ndo lililokuwa linamkera na hana makosa.

Tuje Escrow. Novemba 26, 2014, Zitto sasa ni mwenyekiti wa PAC, kamati ya hesabu za serikali, anasoma taarifa ya kamati kuhusu fedha za akaunti ya Tegeta Escrow iliyokuwa Benki Kuu, mabilioni yaliyotoka kwenda kwa kampuni ya PAP kutokana na ule mgogoro wa TANESCO na IPTL, kampuni binafsi iliyokuwa inaiuzia umeme. Kama utasoma Hansard moja tu maisha yako yote soma hii. Kila hatua, nani alimwandikia barua nani, nani aliruhusu, hela iliingia benki ipi, iligawanywa vipi. Makamu wake kwenye kamati alikuwa marehemu Deo Filikunjombe wa Ludewa, mbunge wa CCM, na walisimama pamoja. Maazimio yakapita siku tatu baadaye, Desemba Mwanasheria Mkuu Werema akajiuzulu, Profesa Tibaijuka akaondolewa uwaziri, Januari 2015 Profesa Muhongo naye akajiuzulu. Nimeisoma mara mbili, ya pili niliiprinti ili nimpelekee mjomba maana macho yake na skrini ya simu haviendi. Stationeri moja mjini wakanitolea kurasa zimekatwa pembeni, kila mstari herufi mbili za mwanzo hazipo, nimerudi wakataka nilipe upya. Iliniuma kwa sababu hayo ni maneno ambayo mtu mzima alikuwa anayasubiri.

Haya, sasa lile swali la mjomba, kura.

Hapa ndo huduma inapofeli na naomba nieleweke, siwalaumu waandishi wa Hansard hata kidogo, wao wanaandika kilichotokea, shida ni kwamba kilichotokea hakina majina. Ukifika mwisho wa mjadala mzito, watu wamebishana siku tatu, mishipa imewatoka, unaskroli kwa hamu ujue nani kakubali nani kakataa, unakutana na mistari miwili kwenye mabano: (Hoja ilitolewa iamuliwe). Chini yake: (Hoja iliamuliwa na kuafikiwa). Basi. Spika aliuliza wanaoafiki waseme ndiyo, wasioafiki waseme siyo, akasikiliza ukumbi, akasema walioafiki wameshinda. Mbunge wako alisema ndiyo? Alisema siyo? Alinyamaza? Alikuwa kantini anakunywa chai? Hakuna anayejua na hakuna atakayejua.

Kura za majina zipo ila chache. Bajeti kuu ya serikali, mwezi Juni, wanaitwa mmoja mmoja na unaweza kuona Ndiyo na Hapana. Kubadili Katiba nako kunahitaji theluthi mbili, ibara ya 98, na kwa mambo ya Muungano theluthi mbili za Bara na theluthi mbili za Zanzibar, huko lazima wahesabiwe. Lakini hata kwenye bajeti historia ya mbunge inaweza kuwa na mashimo. Mfano 2016, Januari serikali ilitangaza TBC haitarusha tena Bunge laivu, wapinzani wakapinga, polisi wakaingia mpaka ukumbini, Zitto alikuwa mstari wa mbele siku ile, na Mei akawa mmoja wa wabunge saba wa upinzani waliosimamishwa kwa sakata hilo. Kwa hiyo bajeti ya Juni mwaka ule ukitafuta kura yake huipati, alikuwa nje kwa adhabu, na wapinzani wenzake nao walikuwa wanatoka kila Naibu Spika akikalia kiti. Mtu akikuonyesha orodha tu ya walioitikia majina atakwambia huyu hakupiga kura, na wala hatakuwa amedanganya, ila hujaelewa kitu mpaka usome na siku za Januari.

Kitu cha karibu kabisa na kura nilichokipata kwa Zitto ni sahihi. Aprili 2012, baada ya ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, kuchafua hali ya hewa, alizunguka kukusanya sahihi za kutokuwa na imani na Waziri Mkuu Pinda. Ibara ya 53A inataka asilimia 20 ya wabunge wote, akazipata, zaidi ya 70, na wa CCM wakiwemo, Filikunjombe mmoja wao. Spika Anne Makinda akasema taarifa ya siku 14 haijatimia, hoja haikuingia, ila Mei Rais akapangua baraza la mawaziri. Sahihi ina jina. Mtu aliyesaini hawezi kuja jimboni kwake mwakani akasema mi sikuwepo. Hiki ndo ninachokitaka kwenye kila muswada unaogusa mfuko wa mwananchi. Majirani zetu Kenya Juni 25, 2024 Muswada wa Fedha ulipita 195 kwa 106, na watu walijua nani yuko upande gani. Sisi tunabaki na "kuafikiwa".

Niongeze na hili la ujumbe wake kwa umma kwa sababu mzee wa kijiweni alisema "huyu ni wa mitandaoni". Ni kweli Zitto ni katika wanasiasa wa mwanzo nchini kuelewa mtandao, alikuwa na blogu akiweka hotuba na hoja zake, afu akahamia Twitter, na hata lile tangazo la 2011 la kukataa posho za vikao lilisambaa hivyohivyo. Nilichofanya ni kuweka anachokisema nje na alichokisema ndani, upande kwa upande. Kwenye madini na mashirika ya umma maneno yanafanana, tena ndani ameenda kwa kina zaidi. Ila posti ya mbunge, yeye au mwingine yeyote, inakupa sauti moja. Hansard inakupa na waziri aliyejibu, na aliyesimama kwa kanuni akamkatiza, na swali la nyongeza lililomshinda mtu. Mara mbili nimejikuta naona waziri alijibu vizuri tu na mi miaka yote nilikuwa najua hakujibu. Kwa hilo peke yake nawashukuru sana wale wanaokaa mle kuandika neno kwa neno.

Maksi zangu: yaliyomo natoa tano kwa tano bila kusita. Kutafuta natoa mbili, nataka siku moja nibonyeze jina la mbunge nipate kila alichosema tangu aingie, waliotoka wakiwemo, siyo walioko tu. Kura natoa moja, hiyo moja ni ya bajeti. Bando, andaa la kutosha, na ukiwa na laptop utafurahia kuliko simu.

Jana jioni nilimpelekea mjomba zile karatasi za Escrow pamoja na za Buzwagi, safari hii nimeprinti sehemu nyingine. Akavaa miwani, akasoma Buzwagi yote kimyakimya, kahawa haijaguswa. Akafika kwenye mabano ya mwisho akaweka kidole pale pale, akanitazama, "Mjomba, sasa hawa waliosema ndiyo ni kina nani?"