Mtambo wa membreni hostelini Kikoni: maji sina neno, ila nywele jamani

Wadau wenye hosteli huku Kampala mliouliza kuhusu hii mitambo ya kusafisha maji taka, haya. Sisi tumeuweka kwa hosteli ya wasichana pale Kikoni, karibu na Makerere, maji ya bafu, ya kufua na ya vyoo yote yanaingia humo, yakitoka yanarudi kuflashi vyoo na kumwagilia maua. Kampuni siitaji.

Maji yenyewe safi, hayana harufu kabisa. Ndani kuna bakteria wanaokula uchafu, halafu kuna membreni zenyewe, yaani nyuzi zenye matundu ya kama mikroni 0.04 (mikroni ni milimita moja ukiigawa mara elfu) zinavuta maji na kuacha tope nje, na E. coli, yule bakteria wa kinyesi, ana unene wa kama nusu mikroni, sasa apite wapi? Ila chumvi iliyoyeyuka inapita tu, kwa hiyo kunywa hapana. (Najua Windhoek, Namibia wanakunywa tangu 1968, lakini wao wana hatua kibao za kusafisha, sio tangi moja nyuma ya jiko.)

Shida nywele. Misuko, wivingi, zote zinateremka na maji ya bafu zinajisokota kwenye zile nyuzi kama kamba, geji ya presha inapanda, maji yanatoka kiduchu. Kumbe muuzaji alituletea chujio la matundu mapana wakati membreni za aina hii zinataka la milimita 1 au 2, hilo ikabidi tununue kando na kwa hela yetu! Tangu tuliweke, kuosha kwa jiki iliyozimuliwa kunatosha.

Na umeme. Blowa ya hewa haitakiwi kulala, stima ikikatika masaa mengi bakteria wanakosa oksijeni, tangi linaanza kunuka na majirani nao wanaanza simu, kwa hiyo kama huna jenereta au sola ya kuendesha hiyo blowa bora ubaki na septiki yako. Bili ya maji ya National Water imeshuka sana, ya umeme ikapanda, na gari la kunyonya bado linakuja mara moja moja maana tope lazima litolewe.

Nyumba ya familia moja mi naona ni kupoteza hela. Gesti, shule, hosteli, sawa, ila membreni za spea zinaagizwa nje, kabla hujalipa mwambie muuzaji akupeleke stoo uzione kwa macho. Wetu alituonyesha picha kwa simu.