Kisanduku cha kupima fosfodiesterasi kwa rangi: kinachuja vizuri, lakini usikitumie kutoa Ki kwa pupa

Fosfodiesterasi, au PDE, ni vimeng'enya vinavyokata cAMP na cGMP, molekuli ndogo zinazobeba ujumbe ndani ya seli, na kuuzima ujumbe huo. Binadamu ana jeni 21 za vimeng'enya hivi, katika familia 11. Maabara isiyo na kibali cha tritiamu, yaani hidrojeni yenye mionzi, huanza na kisanduku cha rangi: sahani ya vishimo 96, vichupa vya vitendanishi, na usomaji kwenye nanomita 620. Kwa kazi ya kuanzia, yaani kuchuja vizuizi (dutu zinazoizuia PDE), kinastahili kununuliwa. Shida huja mtu anapokipa kazi isiyo yake: kutoa Ki, kipimo cha nguvu halisi ya kizuizi, ambacho kikiwa kidogo kizuizi ni kikali.

PDE ikikata cAMP hutoa 5'-AMP, ambayo haina rangi yoyote. Kwa hiyo kisanduku huongeza kimeng'enya cha pili, nukliotidasi, ambayo huing'oa fosfeti kutoka kwenye 5'-AMP. Fosfeti hiyo huungana na molibdeti na rangi ya malakaiti, na umajimaji wa njano hugeuka kijani. cGMP hupita njia hiyohiyo kupitia 5'-GMP. Mashine basi haisomi PDE. Inasoma fosfeti, na haijui imetoka wapi.

Mpangilio unaofanya kazi ni huu. Kila kishimo kipate maikrolita 20 za cAMP ya milimola 0.5, 10 za nukliotidasi, 10 za kizuizi au bafa tupu, na 10 za PDE mwishoni, jumla 50. Bafa iwe Tris ya pH 7.4 yenye magnesi, kwani bila magnesi kimeng'enya hulegea, na EDTA, inayonasa magnesi, ikizidi hukiua kabisa. Weka kwenye nyuzi 30 kwa dakika 30, kisha mimina maikrolita 100 za kitendanishi cha kijani, kile chenye molibdeti na malakaiti. Asidi iliyomo husimamisha kila kitu papo hapo. Subiri dakika 20 hadi 30, na muda huo uwe sawa kwa sahani zote, maana rangi huendelea kupanda polepole. Viwango vya kulinganishia vitengenezwe kwa 5'-AMP pamoja na nukliotidasi, si kwa fosfeti tupu. Hapo utajua kama hatua ya pili inakamilika.

Fosfeti ndiyo adui mkubwa. PBS, bafa yenye fosfeti, hairuhusiwi popote, hata kusuuzia seli tu kabla ya kuzivunja. Vyombo vya kioo vilivyooshwa kwa sabuni yenye fosfeti huharibu sahani nzima; tumia plastiki mpya. Homojeneti ya tishu, yaani tishu iliyosagwa, hubeba fosfeti yake, kwa hiyo ipitishe kwenye safu ndogo ya kuondolea chumvi na uizungushe kwenye sentrifuji. Kabla ya kupoteza sahani, changanya maikrolita 10 za sampuli na kitendanishi cha kijani peke yake: ikigeuka kijani kibichi, rudia kuisafisha. ATP, molekuli ya nishati yenye fosfeti, nayo ni mjanja, kwani asidi ya kitendanishi huikata taratibu, na kishimo kitupu huonekana kama kina kimeng'enya. Ukiona chembe za kijani zikituama, fosfeti imezidi, na namba za hapo zitupwe. Kizuizi chenye rangi ya buluu au kijani chenyewe nacho kisomwe peke yake kwanza.

Jaribio linalorukwa mara nyingi ni la kizuizi dhidi ya nukliotidasi. Weka 5'-AMP, nukliotidasi na kizuizi chako, bila PDE. Rangi ikipungua, umekamata kizuizi cha nukliotidasi, na matokeo yote ya "PDE" hayana thamani. Vishimo vinne vinatosha kuepuka aibu hiyo.

Sasa tufike kwenye Ki. Hesabu ya juu inatoa cAMP ya maikromola 200 kishimoni, sawa na nanomoli 10. Wingi huo haukuwekwa kwa bahati: rangi haioni vizuri chini ya nanomoli 0.1 hivi, kwa hiyo lazima sabstrati (kinachokatwa, hapa cAMP) iwe nyingi ili asilimia 10 ikikatwa ionekane. Lakini Km ya PDE4 kwa cAMP, yaani ukolezi unaokifikisha kimeng'enya nusu ya kasi yake ya juu, ni maikromola chache tu. Tuseme ni 2. Kwa kizuizi kinachoshindana na sabstrati, IC50, ukolezi unaozuia nusu ya kazi ya kimeng'enya, ni Ki mara (1 + 200/2), yaani mara 101. Dutu yenye Ki ya nanomola 1 itaonekana dhaifu, karibu nanomola 100. Kulinganisha dutu mbili ndani ya sahani moja ni sawa, lakini kulinganisha na namba za njia nyingine si sawa. Ukishusha cAMP hadi maikromola 40 na kukubali asilimia 20 ikatwe, unapata nanomoli 0.4, bado inasomeka, na kosa hushuka hadi mara 21. Chini ya hapo utakuwa unapima kelele. Kwa PDE9A, ambayo Km yake kwa cGMP iko chini ya maikromola 1, kisanduku hiki hakifai kabisa.

Soma pia kilichomo kwenye kichupa cha kimeng'enya. Baadhi ya visanduku huja na PDE ya ubongo wa ng'ombe, ambayo sehemu yake kubwa ni PDE1 inayotegemea kalsiamu na protini ya kalmodulini. Rolipramu haitaigusa, kwa sababu hiyo ni dawa ya kuzuia PDE4. Anayetaka PDE4D au PDE5A ya binadamu anunue kimeng'enya cha rekombinanti (kilichotengenezwa kwa uhandisi wa jeni) pembeni na abaki na vitendanishi vingine. IBMX, kizuizi cha jumla kinachowekwa kama kidhibiti, hakizuii vizuri PDE8 wala PDE9, kwa hiyo kimya chake mbele ya sampuli si ushahidi kwamba PDE hazipo.

Sahani moja haitoshi kwa mengi: ukitoa vishimo 16 vya viwango na 8 vya vidhibiti, hubaki 72, yaani dutu tatu kwa viwango nane vya ukolezi, mara tatu kila kimoja. Gawa kimeng'enya katika vichupa vya matumizi ya mara moja kwenye friza ya nyuzi −70, kwani kuyeyusha na kugandisha tena hukidhoofisha. Kitendanishi cha kijani kisigandishwe, na kikianza kuonekana kijani kabla ya kukutana na sampuli, fungua chupa mpya.