TAHADHARI: Vishoka wa "kurudisha data" wanazimalizia diski zenu

Kama una diski ya nje, ile ekstano ya kuchomeka kwa USB, na imeanza kulia tik-tik, kuganda au kudai ifomatiwe, soma hapa kabla hujaipeleka kwa fundi yeyote. Ichomoe kwanza. Usiiwashe tena kwa kusema "ngoja nijaribu mara moja tu". Diski inayokufa imebakiwa na muda mfupi wa kusomeka, na data yako imo ndani ya muda huo. Kishoka akiumaliza kwa kubahatisha, hata mtaalamu wa kweli atakayeipokea baadaye hatakuta cha kuokoa.

Mtindo wao unafanana kila mahali. Fundi wa simu au wa kompyuta anabandika tangazo, "Tunarudisha data 100%", kwenye kibao cha duka au kwenye status ya WhatsApp. Unafika naye hata hajaichomeka, tayari ana bei, na anataka advansi "ya kununua programu maalumu". Ondoka hapo hapo. Hakuna mtu duniani anayeweza kuahidi asilimia mia kabla ya kupima vichwa vinavyosoma data, mota, bodi ya umeme na hali ya sahani zinazobeba data. Programu nazo, zile zinazofanya kazi vizuri kuliko nyingi za kulipia, ni za bure, na amri zake ziko hapa chini.

Kosa baya kuliko yote ni kuifungua diski juu ya kaunta. Anatoa bisibisi ya nyota, anang'oa mfuniko, anakuonyesha sahani inayong'aa kama kioo na kukwambia "tatizo limeonekana". Elewa kinachotokea pale. Diski nyingi za mfukoni huzunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kila sekunde. Ukingo wa sahani yenye kipenyo cha milimita 65 unakwenda kasi ya kilomita 66 hivi kwa saa, na kichwa cha kusomea kinaelea juu yake kwa nafasi ya nanomita chache tu. Unywele wa binadamu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Chembe moja ya vumbi la barabarani, au alama ya kidole, kwa kichwa hicho ni sawa na jiwe katikati ya barabara kuu. Kichwa kinagonga, kinakwangua utando wa sumaku, na unga unaotoka unaendelea kukwangua sehemu nyingine. Palipokwanguliwa hakuna mashine inayoweza kupasoma tena.

Anayebadilisha vichwa kihalali hufanya hivyo ndani ya chumba safi au kwenye meza maalumu inayopuliza hewa iliyochujwa. Anakuwa na diski mfadhili, yaani ya kutolewa vipuri, ya modeli ileile na idadi ileile ya vichwa. Kisha anaisoma diski yako kwa kifaa cha kazi hiyo, kama PC-3000 ya ACE Lab au vifaa vya DeepSpar, vinavyoweza kusoma kichwa kimoja kimoja na kuruka sehemu mbovu. Muulize fundi wako anafungulia wapi. Akijibu "hapa hapa, tunafunga feni", chukua diski yako.

Wengine hawafungui, wanabadilisha bodi ya chini. Wananunua diski ya modeli hiyo, wanahamisha bodi, haifanyi kazi, na wewe umeshalipia diski mbili. Sababu ni kwamba kwenye bodi kuna chipu ndogo ya ROM, mara nyingi ya miguu minane, yenye vipimo vya diski hiyo moja tu, vilivyowekwa kiwandani. Bila kuihamisha chipu hiyo, kwa diski nyingi za sasa bodi mpya haielewani na vichwa vya zamani. Kwa WD My Passport kuna mtego mwingine: modeli nyingi zina soketi ya USB iliyounganishwa moja kwa moja kwenye bodi, na data husimbwa, yaani hufungwa kwa msimbo wa siri, na chipu iliyo humo humo. Kishoka akiunga waya za SATA, zile za diski za ndani ya kompyuta, anaona takataka, anatangaza "imekufa kabisa", halafu anakuomba umwachie akupe hela ya chai. Usimwachie. Diski "iliyokufa" bado ina picha za watoto wako na nakala za hati zako.

Sasa wizi mdogo unaofanyika kila siku: kutoza bei ya kubadilisha vichwa kwa tatizo la waya. Diski isiyotoa sauti yoyote, taa haiwaki, ibadilishie waya kwanza. Ule mdomo mpana wa bapa wa USB 3.0 hulegea upesi, na soketi yake huachana na bodi kwa kuvutwavutwa. Chomeka moja kwa moja kwenye kompyuta, bila kigawanyio. Kama ni ile kubwa ya mezani, pima adapta: inatakiwa itoe volti 12. Aliyechomeka adapta ya laptopu ya volti 19 mara nyingi ameunguza diodi ya kinga kwenye bodi, na hiyo ni kazi ya dakika chache kwa mwenye pasi ya kuchomelea anayejua anachofanya. Ukisikia tik-tik ya mpangilio, hapo ni vichwa. Mlio mwembamba wa kuvuma au kupiga biip bila sahani kuzunguka, vichwa vimeganda juu ya sahani au mota imekaza. Kwa sauti hizi mbili hakuna programu itakayosaidia, na kila ukiiwasha unaongeza madhara. Kuigonga, au kuiweka kwenye friza kama wanavyoshauriana watu, ni kuiharibu: ikitoka kwenye baridi, unyevu unatua juu ya sahani.

Kama diski haina mlio wa ajabu, inazunguka vizuri na kompyuta bado inaiona, hapo unaweza kujisaidia mwenyewe bila kumlipa mtu. Windows ikiuliza kama ifomati, kataa. Usiendeshe chkdsk, amri ya Windows ya kukagua diski. Mafundi wengi hukimbilia amri hiyo, lakini yenyewe hurekebisha orodha ya mafaili papo hapo juu ya diski mbovu, na unachopata mara nyingi ni folda ya found.000 iliyojaa mafaili ya .CHK yasiyo na majina. Fungua CrystalDiskInfo, programu inayoonyesha afya ya diski, uangalie mistari mitatu: 05, C5 na C6. Hizo ni sekta (vipande vidogo vya diski) zilizohamishwa, zinazosubiri uamuzi, na zilizoshindikana. C5 ikipanda kila unapoangalia, diski inaenda, acha kuangalia uanze kunakili.

Kunakili maana yake ni kuchukua picha ya diski nzima, sekta kwa sekta, kabla ya kutafuta faili lolote. Unahitaji diski nyingine nzima yenye nafasi kubwa kuliko ile mbovu, isiwe imefomatiwa kwa mfumo wa FAT32 kwa sababu FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4. Washa kompyuta kwa flashi yenye Ubuntu, mfumo wa Linux, weka programu kwa amri ya sudo apt install gddrescue (ikigoma, washa hazina ya programu za Ubuntu iitwayo universe), kisha andika lsblk uone ipi ni ipi kwa ukubwa na modeli. Hapa tulia. Ukigeuza chanzo na pokezi umeifuta data yako kwa mkono wako. Tuseme mbovu ni sdb, na diski ya kupokelea iko kwenye /media/salama:

sudo ddrescue -d -n /dev/sdb /media/salama/diski.img /media/salama/diski.map

Duru hii ya kwanza inachukua sehemu nzima kwa haraka na kuruka zile zinazogoma. Ikiisha, ndipo unarudi kwa zilizobaki:

sudo ddrescue -d -r3 /dev/sdb /media/salama/diski.img /media/salama/diski.map

Faili la .map ndilo kumbukumbu ya mahali ulipofikia. Umeme ukikatika, au diski ikijitoa yenyewe, unarudia amri ileile na kazi inaendelea pale ilipoishia, ila hakikisha kwanza kama jina bado ni sdb, maana linaweza kubadilika. Elekeza feni kwenye diski isipate joto, na tumia laptopu yenye betri nzuri. Angalia kasi pia. TB 1 kwa megabaiti 100 kwa sekunde ni karibu saa tatu, lakini kwa megabaiti 1 ni siku 11 na nusu, na diski inayougua mara nyingi haifiki huko. Ukiona imekwama kwenye kasi hiyo tangu mwanzo na data ni ya thamani kubwa, simamisha upeleke kwa mwenye vifaa. Picha ikikamilika, weka diski mbovu pembeni ufanye kazi na nakala tu: TestDisk kwa kurudisha patisheni (migawanyo ya diski) na folda, PhotoRec kwa kuokota picha na hati hata majina yakiwa yamepotea. Zote mbili ni bure. Kishoka anaweka programu iliyovunjwa leseni juu ya diski ileile na kuiacha isake siku tatu, halafu anahifadhi alichopata humo humo, juu ya mafaili ambayo hajayapata. Na programu za namna hiyo ndizo zilizosambaza sana virusi vya kufunga mafaili vya familia ya STOP/Djvu.

Hila inayowaliza wengi ni ya "ushahidi". Fundi anakutumia picha ya skrini yenye folda zako zote, majina ya sherehe, majina ya wanao, na anadai malipo yote kabla hajakukabidhi. Majina hayo hukaa kwenye jedwali la mfumo wa mafaili, mbali na mafaili yenyewe. Jedwali linaweza kuwa zima na yaliyomo yakawa sifuri tupu. Umeshalipa, unafika nyumbani, picha hazifunguki au nusu yake ni kijivu. Kabla ya kutoa senti, kaa naye mfungue mafaili kumi unayochagua wewe, siyo yeye. Chagua video ndefu uipeleke katikati, maana mwanzo unaweza kuwa mzima na katikati pameharibika. Fungua hati kubwa ya PDF hadi ukurasa wa mwisho. Usikubali kuona vijipicha tu.

Usiache diski dukani bila risiti yenye modeli, seriali namba, ukubwa, bei ya juu mliyokubaliana, na maneno "data isipopatikana, diski irudishwe". Piga picha lebo na stika za pembeni na za juu ya skrubu, ukirudi uone kama zimechanwa. Usitoe neno la siri la barua pepe yako, halihitajiki kamwe kwa kazi hii.

Wale wa mtandaoni wanaokujibu chini ya kila swali, "mtafute huyu jamaa, alinirudishia yangu", ni kundi moja. Wanakuomba uweke AnyDesk, programu ya kuendesha kompyuta ya mwingine, wakutengenezee kwa mbali. Kichwa kilichovunjika hakitengenezwi kwa mbali. Wanachotaka ni kuingia kwenye kompyuta yenye benki yako na barua pepe yako.

Na ukienda kununua diski ya kupokelea nakala, zipite zile ndogo za mfukoni za "16TB" kwa bei ya chakula cha mchana. Diski za mzunguko za ukubwa wa mfukoni zinazouzwa hazizidi TB 6. Ndani ya nyingi ya hizo bandia kuna kadi ndogo ya kumbukumbu iliyodanganywa iseme ukubwa isiokuwa nao: ikijaa, data mpya inafuta ya zamani bila onyo lolote. Ijaze kwa programu ya kupima H2testw kwenye Windows, au f3write kisha f3read kwenye Linux, kabla hujaiamini na faili hata moja.

Aliyekwisha kulizwa, hifadhi mazungumzo, namba ya muamala na picha za diski. Kwa Tanzania, ujumbe wa kitapeli na namba yake hutumwa kwa namba 15040, na taarifa kamili hufunguliwa polisi chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Fundi akitishia kusambaza picha alizokuta humo, usimtumie hela. Nenda polisi na ushahidi huo, na upeleke malalamiko pia kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.