Mkono kwa Mkono, Kigoma: Dawa Ipo, Saa Ndizo Haba

Mwanamke akibakwa Kalya au Buhingu, mwambao wa Ziwa Tanganyika, ana saa 72 tu za kuanza PEP, dawa inayozuia VVU visitie mizizi mwilini. Ziwa likichafuka, boti ya kwenda mjini haitoki. Huduma ya Mkono kwa Mkono, yaani daktari, dawati la jinsia la polisi na ustawi wa jamii mahali pamoja, tunaipima kwa saa hizo.

Inapoendeshwa sawasawa, inaokoa. Kipimo cha VVU kwanza (aliyekutwa navyo huanzishiwa ARV, dawa za kufubaza VVU, si PEP), dozi ya kwanza ya PEP papo hapo, kisha kidonge kila siku kwa siku 28. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba mwisho wake siku 5, na mapema ndiyo bora. Kipimo cha marudio cha VVU cha miezi 3 kisirukwe.

Kasoro iko mlangoni. Kuna vituo vinavyodai PF3, fomu ya polisi, kabla ya kumgusa mgonjwa. Hilo ni kosa: fomu ni ya kesi, tiba haiisubiri. Nguo alizovaa ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, maana plastiki hutunza unyevu na kuharibu ushahidi. Aliyekwisha kuoga naye aje hivyo hivyo.

Anayesahaulika zaidi ni mke anayepigwa nyumbani. Hushonwa jeraha, akapewa panadol, akarudi kulekule. Kumbe huyo hathubutu kutaja kondomu, ngono ya nguvu humchana na kuvifungulia virusi njia, na kupima anaogopa kwa kuwa majibu yakijulikana atatimuliwa. PEP ya siku 28 itamfaa nini anayelazimishwa kila wiki? Huyo azungumziwe PrEP, kinga ya kumezwa kabla, na aulizwe faraghani, si mbele ya mume wala mawifi.

Halafu kuna chupa ya dawa. Vidonge hulia ikitikiswa, na mume akisikia, dozi imeishia hapo. Pamba kidogo ndani huinyamazisha. Muuguzi anayelisema hilo ana faida kuliko mabango yote ya ukutani. Kichefuchefu hupungua ukimeza baada ya kula. Dawa ya kiungulia isimezwe pamoja nayo, hupunguza nguvu yake.

Kwa mtoto aliyefanyiwa ukatili, piga simu ya msaada 116, bure.

Walio mbali, Uvinza au Kakonko, wasisubiri kufika mjini. Waulizie PEP kituo cha afya kilicho karibu, hasa kwenye CTC, kliniki ya tiba ya VVU. Dozi ya kwanza ikishamezwa, rufaa inaweza kungoja boti au gari.